Asiyekuwapo Ramanini na Lake Halipo

Mtu akiomba kibali cha kujenga Diani, kaunti ya Kwale, leo, na siku 60 zikapita bila serikali ya kaunti kumjibu kwa maandishi, sheria inamhesabu kuwa amekubaliwa. Kifungu hicho kimo katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na nia yake ni njema: kumkinga mwananchi na faili inayolala mezani mpaka mwenyewe atoe kitu kidogo. Lakini kinabeba sharti ambalo halikuandikwa. Kinachukulia kwamba afisa wa mipango anapolifungua ombi, ramani iliyo mbele yake inamwonyesha kila kitu anachopaswa kukilinda. Njia ya wavuvi isipokuwamo, hakuna wa kuitetea ndani ya hizo siku 60. Kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, isipokuwamo, itaonekana ni kichaka. Nyumba za makuti za watu waliozaliwa hapo zisipokuwamo, mahali hapo patasomeka kuwa ni shamba tupu.

Mageuzi ya mipango yanayoendelea nchini Kenya, pamoja na mifumo ya kompyuta inayokuja nayo, yatawafaa watu wa Kwale iwapo haki zisizo na hati zitachorwa mapema, kabla mtambo haujaanza kutoa vibali kwa kasi. Tukianza na hati peke yake na kusema mengine yatafuata, tutakuwa tumeichukua dhuluma ya karne iliyopita tukaihamishia kwenye skrini.

Madaraka yalishuka, kumbukumbu zikabaki juu

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, pamoja na upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani. Serikali kuu ikabaki na kanuni za jumla na uratibu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaenda mbele zaidi: kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, uliojengwa juu ya hifadhidata ya ramani za kompyuta, na upitiwe upya kila baada ya miaka 5. Maana yake ni kwamba kaunti haikuachiwa hiari ya kuchagua kati ya karatasi na kompyuta. Kisha ikaja sheria ya 2019 kuifuta ile ya 1996, zikafuata kanuni zake za 2021, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968.

Kwa upande wa sheria, basi, hatuna njaa. Taabu iko kwenye utendaji. Kabla ya ugatuzi, ardhi ya umma iligawanywa kwa barua ya Kamishna wa Ardhi kutoka Nairobi, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilianika jinsi barua hizo zilivyotumika vibaya nchi nzima. Leo uamuzi wa nani ajenge nini unafanywa Kwale. Lakini kumbukumbu za upimaji ziko Ruaraka, makao ya Idara ya Upimaji, na sajili za hati ziko chini ya wizara. Afisa wa kaunti anaamua juu ya ardhi ambayo ramani yake iko mikononi mwa wengine.

Kuna na siasa. Mpango jumuishi wa maendeleo, ule wa miaka mitano, ndio unaobeba bajeti. Humo mna barabara, zahanati na visima, na kila mwakilishi wadi ataupigania. Mpango wa matumizi ya ardhi hauna utepe wa kukatwa. Kazi yake kubwa ni kusema hapana: hapa pasijengwe, hapa pabaki njia, hapa maji yapite. Mwanasiasa hapati kura kwa kukataa, ndiyo maana mpango huu huwa wa mwisho kukumbukwa bajeti inapogawanywa.

Kizuka cha 1908

Huwezi kuzungumzia ramani ya pwani ya kusini bila kuutaja mwaka 1908. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na kuanzia 1895 Waingereza wakautawala kwa makubaliano naye. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai apeleke madai yake yasajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Taji. Waliojua ofisi na maandishi walikwenda. Wadigo wengi, ambao haki yao ilishikiliwa na ukoo, kaya na matumizi ya kila siku, hawakuingia kwenye daftari. Hapo ndipo alipozaliwa skwota wa pwani, mtu anayeitwa mvamizi kwenye shamba alilozikwa babu yake.

Lipo jambo la pili ambalo kompyuta haijui kulisema. Kwa desturi ya pwani, mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kurithi minazi kumi, mwembe mmoja na haki ya kupita kwenda kuiangua, bila kuwa na inchi moja ya udongo. Sajili ya kisasa inataka kila kipande kiwe na mpaka mmoja na mwenye mali mmoja. Karani anapoihamisha ramani ya zamani kwenye mfumo mpya, yale ambayo ramani ile iliyaacha nje hayawezi kujiingiza yenyewe. Yatabaki nje, safari hii kwa muhuri wa kielektroniki ambao hakimu atauamini zaidi kuliko kauli ya mzee.

Mita 300 za kosa

Wengi hudhani ramani ya kompyuta ni sahihi kwa sababu ni ya kompyuta. Tulitazame kosa moja kwa karibu. Vipimo vingi vya zamani nchini vilifanywa kwa mfumo wa Cassini, na vilivyofuata kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu yako, setilaiti na ramani za mtandaoni hutumia mfumo mwingine, WGS84. Karani akizichukua namba za Arc 1960 na kuziingiza kama kwamba ni za WGS84, ploti nzima itahama takribani mita 300, zaidi kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Shambani Kinango mtu anaweza asishtuke. Diani, ambako ploti zimepangwa bega kwa bega kuandama ufuo, mita 300 ni umbali wa kuvuka hoteli kadhaa. Ploti ya huyu inaangukia kwa yule, na njia ya umma iliyokuwa kati ya kuta mbili inaangukia katikati ya ukumbi wa kulia chakula.

Dawa ya kosa hilo haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Programu kama QGIS, ambayo haiuzwi, hulirekebisha kwa hatua moja, mradi anayeitumia ajue namba alizoshika ni za mfumo gani. Kwa hiyo fedha za kaunti ziende kwa watu kwanza: wapima, wachoraji ramani na maafisa wa mipango walioajiriwa kwa kudumu, ambao hawataondoka na ufadhili mradi ukiisha.

Kuna na suala la kipimo. Ramani za kawaida za nchi ni za kipimo cha 1:50,000, yaani milimita moja inasimamia mita 50. Kaya Kinondo, yenye ukubwa wa hekta 30 hivi na iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, hapo inakuwa kama ukucha wa kidole gumba. Njia ya mita tatu ya kwenda pwani haionekani hata ukiitafuta kwa kioo cha kukuzia. Aliyepanga mji kwa ramani hiyo haikuwa lazima awe mwovu ndipo aifute njia. Ilitosha kwamba hakuiona.

Picha za setilaiti nazo zina upofu wao. Hifadhidata ya majengo ya Afrika iliyotolewa na Google mwaka 2021 ni msaada mkubwa kwa kaunti isiyo na takwimu, kwani inaonyesha paa moja moja. Lakini paa la makuti chini ya minazi hufanana na ardhi iliyolizunguka, na mashine hulipita. Bati la mwekezaji litahesabiwa, makuti ya bibi yetu wa Bongwe huenda yasihesabiwe.

Mstari wa maji

Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kanuni za upimaji nazo zinaagiza kwamba ardhi ya serikali iliyo mbele ya bahari inapopimwa ili igawiwe, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa uachwe kwa kawaida, ingawa waziri anaweza kuupunguza. Tatizo ni kwamba ploti nyingi za Diani ziligawiwa zamani, na mipaka yake inateremka hadi kwenye alama ya maji yenyewe. Kwa hiyo mali ya umma inaanzia chini ya ukuta wa hoteli.

Na alama hiyo iko wapi? Mvuvi yeyote wa Mwaepe atakuambia kwamba inategemea mwezi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao huu hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Kusi na kaskazi huhamisha mchanga, ufuo ukanenepa huku na kukonda kule. Setilaiti iliyopita saa nne asubuhi siku ya maji mafu na iliyopita siku ya bamvua zitatoa mistari miwili tofauti, yote ikiwa ya kweli. Ukuta ukijengwa kwa kuufuata mstari wa chini, wakati wa bamvua hakuna mchanga wa kupita. Mwenye mashua, mama muuza samaki na mtalii aliyelala hoteli ya jirani wote watasubiri maji yatoke.

Kwa hiyo kaunti ikichora ufuo, isiegemee picha peke yake. Mpima ashuke na mwakilishi wa wavuvi, alama ya bamvua iwekewe bikoni, na kwenye ramani iandikwe tarehe na hali ya maji siku hiyo. Njia za kushukia pwani nazo zipimwe moja moja. Ziko za kati ya kuta mbili za mawe, upana wa watu wawili kupishana mmoja akiwa na tenga la samaki kichwani. Ukuta mmoja ukisogea mita moja tu, tenga halipiti tena. Ufuo ambao Katiba imesema ni wa wote hauna maana ikiwa hakuna pa kuufikia ila kwa kupita kwenye mapokezi ya hoteli.

Waliochora na wakafanikiwa

Mtu asiseme haya hayawezekani kwetu. Gazi, hapo hapo Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanasimamia mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya ukaa tangu 2013. Hekta 117 za mikoko zimechorewa mpaka, na mnunuzi aliye ng'ambo analipa kwa sababu mpaka huo unaweza kukaguliwa. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Tunachojifunza hapo ni kwamba ramani huheshimiwa inapokuwa na mwenyewe kijijini, mwenye faida nayo na anayejua ilivyochorwa.

Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliwafunza wanafunzi kurusha ndege zisizo na rubani na kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ujuzi ulibaki visiwani. Kibera nako, mwaka 2009, vijana wa mtaa walizunguka na vipima-mahali mkononi wakajaza vyoo, visima, shule na vichochoro kwenye ramani ya wazi, mahali ambapo ramani za awali zilikuwa na uwazi mtupu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kina kampasi Kwale. Vijana wapo, na ndege ya kupigia picha si ghali kuliko gari moja la kaunti.

Kinachonipa haraka ni barabara na shimo. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Miritini na Kibundani kwa nchi kavu, na safari ya Diani haitegemei tena feri ya Likoni. Kuanzia Ng'ombeni na Waa hadi Tiwi, shamba la minazi la jana ni ploti za nusu ekari leo, na madalali hawangoji mpango wa miaka 10. Upande wa Msambweni, kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini mwaka 2014 na kumaliza uchimbaji Desemba 2024. Watu wa Nguluku na Maumba walihamishwa kupisha mgodi, wengine wakapelekwa Bwiti. Sasa ardhi iliyochimbuliwa na kufukiwa inasubiri kuambiwa itakuwa nini: mashamba, viwanda, miwa, msitu au makazi ya waliotolewa. Hilo ni swali la mipango kwa maana kamili ya neno. Sheria ya 2019 inairuhusu kaunti kutangaza eneo maalum la mipango na kusimamisha ujenzi kwa muda ili pachorwe kwanza. Chombo hicho kilitungwa kwa mahali kama hapa, na kisipotumika, jibu litatolewa na atakayefika wa kwanza na wakili.

Pingamizi mbili

Wawekezaji watasema kwamba ukiongeza matabaka kwenye ramani, njia, kaya, bandari za wavuvi na minazi ya watu, unaongeza sababu za kukataliwa na unawatia hofu wenye mitaji. Mimi naona kinyume chake. Mwekezaji wa kweli haogopi sharti analolijua siku ya kwanza. Anaogopa zuio la mahakama siku ambayo msingi umeshamwagwa zege. Kwale sasa ina Mahakama yake ya Mazingira na Ardhi, na mgogoro unaofika huko humla mwenye hoteli na mwanakijiji pamoja. Ramani kamili ni nafuu kuliko kesi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wazee wenyewe. Kaya ina siri zake. Fingo, kinga takatifu ya kaya, haionyeshwi kwa kila mtu, sembuse kuwekwa kwenye simu. Wengine wanahofu kwamba kuionyesha ardhi isiyo na hati ni kumwelekeza mnyakuzi. Hofu hiyo ina haki. Jibu ni kuuchora mpaka na kuyaacha ya ndani. Kaya ionekane kama eneo lisilojengwa, na wazee wa kaya wawe na sauti kwa kila ombi linalougusa mpaka huo. Ibara ya 63 ya Katiba imezitaja sehemu za ibada za jamii kuwa ardhi ya jamii, hivyo msingi upo. Majina ya watu binafsi nayo yalindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kinachopaswa kuwa wazi kwa umma ni matumizi ya ardhi na maombi yaliyowasilishwa.

Kifanyike nini

Kaunti, pamoja na bodi za manispaa, ianze na matabaka matatu: njia zote za kwenda pwani na bandari za wavuvi kutoka Waa hadi Vanga, mipaka ya kaya, misitu na mikoko, na makazi yaliyokaliwa muda mrefu bila hati. Hayo yaingizwe kwenye mpango wa kaunti na kupitishwa na bunge la kaunti, ili yawe na nguvu ya sheria kabla ya vibali vya mtandaoni kuenea. Ombi linalogusa tabaka lolote kati ya hayo lisiruhusiwe kupita kwa ukimya wa siku 60. Hilo linahitaji Bunge la Kenya kukirekebisha kifungu cha siku 60, na wabunge wa pwani wana hoja ya kupeleka huko.

Pili, wizara iipe kaunti nakala ya kumbukumbu za upimaji zinazoihusu, zikiwa zimeandikwa wazi ni za mfumo gani. Tatu, kila ombi kubwa libandikwe kwa chifu, msikitini na kwenye bandari ya wavuvi, kwa Kiswahili, likiwa na ramani yenye majina ambayo watu wanayajua: Kona ya Musa, Mwaepe, Mkunguni. Tangazo la gazeti la Kiingereza haliwafikii wanaoathirika, hata kama linatimiza sheria.

Kwako msomaji unayeishi kati ya Ng'ombeni na Vanga: rasimu ya mpango wa kaunti au wa manispaa ikitangazwa, usiende barazani kusikiliza hotuba na kunywa soda. Omba ramani itandazwe mezani. Itafute njia yako ya pwani, kisima chako na makaburi ya kwenu. Usipoyaona, andika pingamizi, litie tarehe, ligonge muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti iliundwa kusikiliza rufaa za namna hiyo, na mbele yake nakala yenye muhuri ni ushahidi, maneno ya barazani si ushahidi.